Pesa ya ufuta, safari ya Mombasa

Mnada wa ufuta unapofunguliwa mkoani Lindi, mwishoni mwa Mei au mapema Juni, shule nazo ziko ukingoni mwa likizo. Familia ya Kilwa inayotamani kuwapeleka watoto nje ya nchi haina wakati mwingine mzuri kama huo. Wengi husubiri korosho, kwa kuwa pesa yake ni nyingi zaidi na huingia kati ya Oktoba na Desemba. Lakini Desemba pwani ya Kenya hujaa pomoni: watu wa Nairobi wameshuka kula sikukuu, vyumba vimepanda bei, na mabasi hayana nafasi. Juni mambo ni tofauti. Kusi inavuma, mwani umetanda ufukweni, wageni wa mbali wamepungua, na mwenye nyumba ya kulala wageni yuko tayari kuzungumza bei.

Ukiangalia ramani tu, nchi ya nje iliyo jirani na mtu wa Lindi ni Msumbiji. Daraja la Umoja pale Mtambaswala, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa Mei 2010, na Mtanzania haombi viza kuvuka. Bahati mbaya ng'ambo ya Ruvuma ni Cabo Delgado, mkoa ulio katika mapigano tangu Oktoba 2017, na Oktoba 2020 mashambulizi yalivuka mto hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara. Unafuu wa nauli hautoshi kumpitisha mtoto huko. Hesabu ya familia ielekee kaskazini.

Na kaskazini hakuna gharama kubwa kama watu wanavyodhani. Kutoka Kilwa hadi Dar es Salaam ni kama kilomita 300, Dar hadi Tanga karibu 350, na Tanga hadi mpaka wa Horohoro 65 hivi. Kwa viwango ambavyo LATRA ilivitangaza Desemba 2023, basi la daraja la kawaida hutoza shilingi 48.47 kwa kilomita kwa abiria mmoja. Safari nzima hadi mpakani inakuja chini kidogo ya shilingi 35,000 kwa kichwa. Familia ya watu watano, hata wote wakilipa nauli kamili, haifiki 175,000 kwenda. Anayelala Tanga usiku mmoja na kuondoka asubuhi hupunguza uchovu wa watoto, na huvuka mpaka mchana, wakati matatu za kwenda Ukunda na Likoni zipo. Kivuko cha Likoni, kinachoingiza watu kisiwani Mombasa, hakimtozi kitu anayevuka kwa miguu.

Kinachoila familia ni kile kinachozidishwa kwa idadi ya vichwa, na cha kwanza ni hati. Pasipoti ya kielektroniki, iliyozinduliwa Januari 2018, ni shilingi 150,000, na kila mtoto anahitaji ya kwake. Watu watano ni 750,000, yaani zaidi ya mara mbili ya nauli yao ya kwenda na kurudi mpakani. Kitambulisho cha NIDA hakimvushi mtu: Kenya, Uganda na Rwanda zilikubaliana raia wao wavuke kwa vitambulisho vya taifa, lakini Tanzania haimo katika mpango huo. Kwa safari za ndani ya Afrika Mashariki, Idara ya Uhamiaji hutoa pia hati ya dharura ya safari, ambayo ada yake ni ndogo sana ikilinganishwa na pasipoti. Kwa familia inayokwenda mara moja na kurudi, hati hiyo inafaa kuulizwa kabla ya kitu kingine chochote.

Anayetaka pasipoti asizinunue zote kwa pamoja. Inadumu miaka 10 kwa mtu mzima, kwa hiyo baba na mama wanaweza kuchukua zao msimu mmoja, watoto msimu unaofuata. Vyeti vya kuzaliwa viandaliwe mapema. Mtoto wa chini ya miaka mitano huandikishwa na RITA bila malipo kupitia vituo vya afya na ofisi za kata, na mzazi aliyeupuuza mpango huo ndiye anayehangaika baadaye. Kuna pia kadi ya njano. Anayerudi Tanzania kutoka Kenya huweza kudaiwa cheti cha chanjo ya homa ya manjano, na chanjo ichomwe siku 10 au zaidi kabla ya safari. Tangu Julai 2016 Shirika la Afya Duniani linakitambua cheti hicho kwa maisha yote, kwa hiyo gharama hiyo hailipwi mara ya pili.

Pesa za hati zitoke wapi, ikiwa ufuta bado uko shambani? Somanga na Songosongo jibu liko mikononi mwa wanawake. Maji ya bamvua yakitoka na mwamba ukibaki wazi, wanashuka kutafuta pweza kwenye mashimo, na wanunuzi wanawangoja ufukweni na mizani. Pesa inalipwa palepale, na sehemu yake inaingia kikoba wiki hiyohiyo. Sanduku la kikoba lina kufuli tatu na funguo ziko kwa watu watatu tofauti, ili asilifungue mmoja peke yake. Kila mwanachama ananunua hisa, na mwisho wa mzunguko kikundi kinavunja na kugawana. Mwanamke anayeweka 5,000 kwa wiki kwa wiki 40 ana 200,000 kabla ya faida ya mikopo. Hiyo ni pasipoti moja na chenji. Ubora wa kikoba kwa jambo hili ni kwamba pesa yake haishikiki: jirani akija na shida, iko chini ya kufuli tatu.

Malazi ndiyo yanayoweza kuiangusha bajeti yote, na hapo pwani ina hazina yake. Familia nyingi za Kilwa zina shangazi, binamu au mkwe Mombasa, Lamu au Tanga. Njia hiyo ni ya kale. Ibn Battuta alipokuja mwaka 1331 alilala Mombasa usiku mmoja, kisha akashuka Kilwa. Na majahazi ya Kilwa yalipanda kaskazini kwa kusi, pepo zilezile za Juni. Kufikia kwa ndugu hakumaanishi kwenda mikono mitupu. Kilo chache za korosho zilizobanguliwa na mfuko wa ufuta ni zawadi yenye heshima, na zinamgharimu kidogo mtu anayezilima. Kukaa usiku tatu au nne na kuchangia soko la nyumba kunawaacha wenyeji wakitamani mgeni arudi.

Huko Mombasa watoto hawakosi cha kuona. Fort Jesus, ngome iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ina kiingilio nafuu kwa watu wa Afrika Mashariki, mradi wabebe hati zao. Mji wa Kale hauna kiingilio: mahamri na mbaazi asubuhi, viazi karai jioni, na Kiswahili kila mahali, hivyo hata mtoto wa miaka minane anaweza kutumwa dukani.

Kishawishi ni treni ya Nairobi. Daraja la kawaida ni shilingi 1,500 za Kenya tangu Januari 2024, na mtoto wa miaka 3 hadi 11 hulipa nusu. Wazazi wawili na watoto watatu wa umri huo watatumia 10,500 kwenda na kurudi, karibu 210,000 za Tanzania kwa kuwa shilingi ya Kenya ni kama 20 za huku. Hiyo inazidi nauli ya familia nzima kutoka Kilwa hadi Horohoro, kabla ya kulala wala kula Nairobi. Watoto wenye hamu ya treni wapandishwe ya Dar hadi Morogoro, iliyoanza Juni 2024 kwa nauli ya 13,000, siku ya kurudi.

Ratiba iachiwe nafasi ya siku moja au mbili. Mei 2024 kimbunga Hidaya na mvua zake viliikata barabara ya Dar pale Somanga, na mabasi yakakwama pande zote mbili. Mwenye siku ya ziada huvumilia. Mwenye tiketi ya kesho yake huipoteza.

Na mkulima wa ufuta kwa kawaida ana mikorosho pia, ambayo Juni na Julai inadai salfa dhidi ya ubwiriunga. Unga hupulizwa kila baada ya siku 14 hivi, viuatilifu vya maji kila 21. Safari ya siku nane au tisa inaingia kati ya mpulizo mmoja na unaofuata. Kwa hiyo tarehe ya kuondoka ipangwe kuanzia siku ya mpulizo: shamba lipulizwe Jumamosi, familia ipande basi Jumapili, na fungu la pesa ya mpulizo wa pili libaki nyumbani kabla ya nauli kukatwa.