TEHAMA ya Ulaya: Soko Moja, Milango 27

Katika mji mdogo wa Veldhoven, kusini mwa Uholanzi, kampuni ya ASML inaunda mashine ambayo hakuna kampuni nyingine duniani inayoiuza. Ndani yake kuna chumba kilichoondolewa hewa. Humo hupitishwa matone ya bati lililoyeyushwa, matone 50,000 kila sekunde, kila moja likiwa na upana wa takriban maikromita 25. Kila tone hupigwa na leza mara mbili. Pigo la kwanza hulibapaza, la pili huligeuza kuwa plazima yenye joto la zaidi ya nyuzi 200,000 za Selsiasi. Plazima hiyo hutoa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 13.5, na kwa mwanga huo huchorwa njia nyembamba kupita zote za chipu za kisasa.

Kazi ya kuuongoza mwanga huo ni ngumu kama kazi ya kuuzalisha. Hewa huunyonya, na lenzi huunyonya pia. Ndiyo maana chumba ni ombwe, na badala ya lenzi hutumika vioo vya kuakisi vilivyotengenezwa na kampuni ya Zeiss huko Oberkochen, Ujerumani. Kila kioo kimepakwa tabaka nyingi za molibdenamu na silikoni zinazopishana. Hata hivyo kioo bora hurudisha takriban asilimia 70 tu ya mwanga unaokigonga. Piga hesabu ya vioo kumi mfululizo: mwanga unaofika kwenye silikoni hauzidi asilimia 3 ya ule uliotoka kwenye bati. Hasara hiyo ndiyo inayolazimisha leza iwe na nguvu kubwa, na leza yenyewe inatoka Ujerumani, kwa kampuni ya Trumpf.

Miongoni mwa wanunuzi wakuu wa mashine hizi ni TSMC ya Taiwan, Samsung ya Korea Kusini na Intel ya Marekani. Ulaya, inayoziunda, inatengeneza takriban asilimia 10 tu ya chipu za dunia kwa thamani. Hata fedha za kuikamilisha teknolojia hii hazikutoka Ulaya peke yake. Mwaka 2012 kampuni hizo tatu zilinunua hisa za ASML na kuchangia gharama za utafiti wake kwa zaidi ya euro bilioni 1.

Hapo ndipo kilipo kitendawili cha soko la teknolojia ya habari na mawasiliano la Ulaya. Ujuzi upo. Wanunuzi wapo, zaidi ya milioni 440 ndani ya Umoja wa Ulaya. Akiba za wananchi zimejaa benki. Kinachopungua ni mapatano. Nchi za Ulaya zilipokubaliana jambo moja la kiufundi, dunia nzima ilizifuata. Ziliposhika kila moja lake, mavuno yalikwenda kwa wengine.

Mapatano ya Copenhagen

Katika miaka ya 1980 simu za mkononi za Ulaya hazikuelewana. Nchi za Skandinavia zilikuwa na mfumo wa NMT, Ujerumani Magharibi ilikuwa na C-Netz, Ufaransa Radiocom 2000, Uingereza TACS. Simu uliyonunua Paris ilikuwa mzigo mtupu ukifika Frankfurt. Mwaka 1982 mamlaka za posta na simu za Ulaya ziliunda kikundi cha wataalamu kutafuta mfumo mmoja. Tarehe 7 Septemba 1987, kampuni za simu kutoka nchi 13 zilitia saini mjini Copenhagen ahadi ya kuujenga. Mfumo huo wa kidijitali ndio GSM.

Ufundi wake ulikuwa wa kugawana. Masafa yaliyo karibu na megahezi 900 yalikatwa katika njia za kilohezi 200 kila moja, na kila njia ikagawiwa wazungumzaji wanane kwa zamu. Ni mithili ya wazee wanane barazani wanaopokezana kipaza sauti kimoja, ila hapa zamu ya kila mmoja huisha kabla ya elfu moja ya sekunde kutimia. Sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, hubanwa kwa hesabu, husimbwa, kisha hurushwa katika zamu yake. Anayesikiliza upande wa pili hahisi pengo lolote.

Tarehe 1 Julai 1991, Harri Holkeri, aliyewahi kuwa Waziri Mkuu wa Finland, alipiga simu ya kwanza kwa mtandao wa GSM wa kampuni ya Radiolinja. Aliyepokea ni Kaarina Suonio, naibu meya wa jiji la Tampere. Wakati huo waliotarajia kwamba mfumo huo ungevuka mipaka ya Ulaya na kutawala dunia walikuwa wachache.

Sisi wa Afrika Mashariki ni mashahidi wa kilichofuata. GSM ilileta kadi ya SIM, ambayo ni kompyuta ndogo kamili yenye kumbukumbu na uwezo wa kuendesha programu. Kwa kuwa kiwango kilikuwa kimoja, kiwanda kiliweza kutengeneza simu kwa mamilioni na bei ikashuka. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003 ikiwa na tochi na vibonyezo vilivyozibwa visipitishe vumbi, iliuzwa takriban milioni 250. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, menyu yake ilikaa ndani ya kadi ya SIM, katika nafasi iliyoachwa wazi na wale waliokaa mezani kuandika viwango vya GSM. Mama muuza samaki aliyepokea pesa kwa simu ya kubonyeza alikuwa ananufaika na mapatano ya wahandisi ambao hawakuwahi kumwona.

Mnada uliokausha kampuni

Mwaka 2000 ulikuja mtihani. Kizazi cha tatu cha simu kilihitaji masafa mapya, na kila nchi ikayagawa kivyake. Uingereza ilikusanya pauni bilioni 22.5 katika mnada mmoja. Ujerumani ilikusanya takriban euro bilioni 50. Hazina za serikali zilifurahi, lakini fedha hizo zilitoka katika kampuni ambazo bado hazikuwa zimejenga mnara hata mmoja wa kizazi hicho. Nyingi zilibaki na madeni makubwa, na ujenzi ukachelewa. Baadaye Nokia, iliyoongoza dunia kwa mauzo ya simu, ilizidiwa na simu janja za Marekani na Asia, na mwaka 2014 kitengo chake cha simu kikahamia Microsoft.

Mgawanyiko ungalipo. Ripoti ya Mario Draghi kuhusu ushindani wa Ulaya, iliyotolewa Septemba 2024, ilihesabu makundi 34 ya kampuni za simu ndani ya Umoja wa Ulaya. Marekani ina matatu, China manne. Ni haki kusema kwamba wingi huo umemfaa mteja wa kawaida, kwa kuwa vifurushi vya Ulaya ni nafuu kuliko vya Marekani. Lakini kampuni ndogo yenye wateja wa nchi moja hushindwa kubeba gharama ya mkongo na minara ya 5G kwa kasi inayotakiwa. Ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba kati ya kampuni 50 kubwa za teknolojia duniani, za Ulaya ni nne tu.

Soko linapanuka, fungu linapungua

Mahali pa kuona ukuaji na udhaifu kwa pamoja ni katika huduma za wingu, yaani kukodi kompyuta na hifadhi ya data kwa njia ya mtandao. Kati ya 2017 na 2024 soko hilo la Ulaya lilikua takriban mara sita. Kampuni za Ulaya nazo ziliongeza mapato. Hata hivyo fungu lao lilishuka kutoka asilimia 29 hadi takriban 15, huku Amazon, Microsoft na Google zikishika karibu asilimia 70.

Sababu iko katika hesabu ya ukubwa. Anayejenga kituo cha seva laki moja hununua umeme, chipu na mitambo ya kupoza kwa bei ambayo mwenye seva elfu moja hataipata. Kampuni ya Marekani huanza na wateja zaidi ya milioni 300 wa lugha moja na sarafu moja. Kijana wa Lisbon au Tallinn mwenye wazo zuri hukuta lugha rasmi 24, sheria 27 za makampuni, na mitaji inayosita kuvuka mpaka. Baadhi wakishakua huhamia Marekani. Kati ya kampuni changa za Umoja wa Ulaya zilizofikia thamani ya dola bilioni 1 kuanzia 2008 hadi 2021, karibu asilimia 30 zilihamisha makao yao makuu nje.

Hapo huingia suala la mamlaka. Sheria ya Marekani ya mwaka 2018 inaruhusu vyombo vyake kudai data kutoka kwa kampuni za Marekani hata kama data hiyo imehifadhiwa Ulaya. Mwaka 2020 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilibatilisha mapatano ya kuhamishia data Marekani kwa hoja kwamba hayakumlinda raia vya kutosha. Mwenye data mikononi mwa mwingine hana usalama kamili, hata akiwa tajiri.

Viwanda, umeme na watu

Mwaka 2023 Umoja wa Ulaya ulipitisha Sheria ya Chipu kwa lengo la kufikia asilimia 20 ya uzalishaji wa dunia ifikapo 2030. Pigo lilikuja mapema. Intel ilikuwa imetangaza kiwanda kikubwa huko Magdeburg, Ujerumani, ikausimamisha mradi mwaka 2024 na kuufuta 2025. Wakaguzi wa hesabu wa Umoja wa Ulaya wamesema wazi kwamba lengo la 2030 halielekei kufikiwa.

Mradi wa Dresden unanipa matumaini zaidi. Huko TSMC inajenga kiwanda pamoja na Bosch, Infineon na NXP, kampuni tatu za Ulaya zinazouza chipu kwa viwanda vya magari. Chipu zake si zile ndogo kupita zote, bali ndizo zinazoendesha breki, injini na betri. Anayejenga kiwanda akiwa na mnunuzi jirani hajengi kwa kubahatisha.

Changamoto nyingine mbili hazitatuliwi kwa ruzuku peke yake. Ya kwanza ni umeme. Nchini Ireland, vituo vya data vilitumia asilimia 5 ya umeme wote uliopimwa mwaka 2015. Kufikia 2023 vilitumia asilimia 21. Gridi ya eneo la Dublin ililemewa kiasi kwamba maombi mapya yalizuiwa. Ya pili ni watu. Umoja wa Ulaya unataka wataalamu wa TEHAMA milioni 20 ifikapo 2030, na hadi sasa una nusu yake tu. Kati yao wanawake ni takriban mmoja kwa kila watano. Bara linalolia uhaba wa wataalamu huku nusu ya watu wake wakibaki pembeni linajinyima lenyewe.

Sheria zinazovuka bahari

Ipo bidhaa moja ambayo Ulaya inaiuza dunia nzima bila kiwanda, nayo ni sheria. Kanuni yake ya kulinda data binafsi ilianza kutumika tarehe 25 Mei 2018, na mwaka 2023 kampuni ya Meta ilitozwa faini ya euro bilioni 1.2 chini yake. Kenya na Uganda zilitunga sheria za aina hiyo mwaka 2019, Rwanda 2021, Tanzania 2022, na alama za ile ya Ulaya zinaonekana humo. Tangu Desemba 2024 simu mpya zinazouzwa Umoja wa Ulaya lazima zichajiwe kwa tundu la USB-C, na nafuu hiyo inamfikia hata fundi simu wa Kariakoo.

Wapo wanaosema sheria nyingi ndizo zinazoikwamisha Ulaya. Naamini wanaona nusu ya ukweli. GSM nayo ilikuwa sheria, tena kali: iliamuru masafa, iliamuru kadi, iliamuru namna ya kubana sauti. Haikumkwamisha mtu kwa sababu ilikuwa moja kwa wote. Kinachochosha ni sheria moja iliyotungwa Brussels kisha ikasomwa kwa namna 27 na mamlaka 27.

Afrika Mashariki tuna ushahidi wetu. Kenya, Uganda na Rwanda zilianza kufuta gharama za ziada za kupigiana simu kuvuka mipaka yao mwaka 2014, wakati Umoja wa Ulaya ulifuta zake tarehe 15 Juni 2017. Hatukusubiri utajiri wa Ulaya ili tupatane. Hatua zinazofuata, kama pesa za simu kuvuka mpaka bila makato ya kuumiza, data kulindwa kwa kanuni moja na vituo vya data kujengwa panapo umeme, zinahitaji mawaziri na mamlaka zetu za mawasiliano kukaa mezani mapema, kabla kila nchi haijajenga mfumo wake na kushindwa kuuacha.