Msimbazi si Simba tu

Muulize mtoto wa Kariakoo Msimbazi ni nini, atakutajia Simba. Muulize Jangwani, atakwambia Yanga. Kumbe majina hayo yote mawili yanatupeleka kwenye mto mmoja.

Mto Msimbazi unaanzia Kisarawe, kwenye vilima vya misitu ya Pugu, na kutembea kama kilomita 35 hadi baharini pale Salenda, kwenye mikoko. Njiani unapita Vingunguti, Tabata na Kigogo, ukifika Jangwani umeshabeba maji machafu ya viwandani, chupa za plastiki na pampasi zetu.

Hata hivyo watu wanaishi kwa mto huu. Wapo wanaochimba mchanga, wapo wanaolima mchicha na matembele. Mzazi mwenzangu, hapo kwenye mchicha ndipo tusimame, maana unafika hadi mezani. Utafiti uliochapishwa mwaka 1999 ulipima mboga za kando ya Msimbazi na mto Sinza, na kukuta madini ya risasi na kadimiamu. Risasi huathiri ubongo wa mtoto anayekua. Kuosha kwa maji ya chumvi kunatoa udongo, lakini madini yaliyofyonzwa na mizizi yako ndani ya jani, na kuchemsha hakuyaondoi. Sisemi mchicha uachwe (wanetu watakula nini?), ila muuzaji aulizwe: umelimwa wapi, unamwagiliwa maji gani? Anayeujua mzigo wake hatakasirika.

Jambo la pili ni mafuriko. Desemba 2011 watu wapatao 40 walipoteza maisha jijini, na familia nyingi za bondeni zikahamishiwa Mabwepande. Watoto wengi hutazama mawingu ya juu ya kichwa chao tu. Kumbe mvua inaweza kunyesha Pugu huku Kariakoo jua linawaka, na saa chache baadaye maji yakajaa Jangwani. Mpira ukiangukia mtoni siku kama hiyo, uachwe uende.

Na kama mwanao huvuka Jangwani kwenda shule, kubalianeni kabla ya masika atasubiri wapi barabara ikifungwa: kwa shangazi, kwa mwalimu au dukani kwa mtu unayemfahamu. Namba yako ya simu aikariri, maana daftari hulowa.