Baiskeli Ikikaa Demani

Msomaji wa Mombo ameniletea ugomvi niuamue. Rafiki yake, anayeshusha kabichi kwa baiskeli kutoka Lushoto, anaapa kwamba siku moja aligusa kilomita 100 kwa saa. Inawezekana? Na kwenye tambarare, mwisho ni wapi?

Mteremko nitaumaliza upesi. Uzito unakuvuta chini, hewa inakuzuia. Vikilingana, kasi haipandi tena. Mtu na baiskeli yake wakiwa kilo 80, kwenye barabara inayoshuka mita 8 kila mita 100, watafika kama kilomita 65 kwa saa bila kunyonga. Kabichi nazo zinasaidia: uzito ukiwa maradufu, kasi inaongezeka kwa asilimia 40 hivi. Kona za mlima ule tuziache.

Tambarare ndiko hewa inakoonyesha ukatili wake. Anayetoa wati 200 huenda kama kilomita 35 kwa saa. Akijiua kwa wati 400 hapati 70, anapata 45. Filippo Ganna wa Italia, akiwa peke yake kwenye uwanja wa Grenchen, Uswisi, Oktoba 2022, alimaliza kilomita 56.792 kwa saa moja, na hiyo ikawa rekodi ya dunia.

Sasa usimwache peke yake, mweke nyuma ya mwingine. Hapa ndipo ninapopapenda.

Umewahi kupita Kariakoo siku za kuamkia sikukuu? Ukijipenyeza mwenyewe, kila hatua ni bega la mtu. Lakini akipita msukuma mkokoteni anapiga kelele "Mzigo! Mzigo!", umati unapasuka, na nyuma yake panabaki uchochoro mtupu. Mwenye akili anaingia humo humo, kifua karibu na gunia, anatembea kama yuko uwanjani. Akizubaa hatua tatu, watu wameshaufunga. Tena tazama wanavyoufunga: hawarudi kwa mstari, wanazunguka, wengine wanamfuata msukuma kidogo kabla ya kugeuka. Hewa nayo hufanya vivyo hivyo. Nyuma ya mwendesha baiskeli msukumo wa hewa hupungua, hewa inajikunjakunja katika vizingia, na sehemu yake inakwenda naye. Aliye nyuma hakuti ukuta, anakuta hewa ambayo tayari imeanza safari. Katikati ya kundi kubwa la mashindano, vipimo vimeonyesha ukinzani unaoshuka mpaka asilimia 5 hadi 10 tu ya ule anaoupata aliye peke yake.

Jambo hili tuliiteje? Nimesikia "kufuata nyuma", jambo ambalo hata mbuzi analiweza. "Kivuli cha upepo" ni zuri, ila linanuka tafsiri. Mabaharia wetu walishatumalizia kazi: upande wa chombo unaopigwa na upepo ni joshini, ule uliokingwa ni demani. Basi mwendesha baiskeli anayejibanza nyuma ya mwenzake *anakaa demani*. Atakayelalamika kwamba demani ni majira pia, nitamjibu kwamba kuna kaa wa pwani na kaa la jiko.

Demani ikiwa kubwa, maajabu hutokea. Mwaka 2015 na tena 2017 Mfaransa Éric Barone alishuka na baiskeli, bila demani ya mtu, kwenye mlima wa theluji wa Vars. Mara ya pili alifikia kilomita 227.72 kwa saa. Lakini Septemba 2018, kwenye tambarare ya chumvi ya Bonneville, Marekani, Denise Mueller-Korenek, mama wa miaka 45, alivutwa kwanza na gari la mbio, akaachiwa, kisha akanyonga mwenyewe ndani ya demani ya gari hilo lililofungwa kinga maalumu nyuma. Alifika 296. Tambarare imeushinda mlima.

Nyuma ya lori la Mombo, dereva akikanyaga breki, demani ndiyo imekwisha, kwa hiyo usijaribu.

Kuhusu rafiki yako: na mzigo mzito, 90 naikubali. Kwa hizo 100, mwulize siku hiyo alikuwa nyuma ya gari gani.