Wati 75 na Wababe Wengine wa Kompyuta Kuukuu

Kadi ya grafiksi yenye ubabe kuliko zote zilizotengenezewa wachezaji wa gemu wa kawaida ni GeForce RTX 5090. Ilitoka Januari 2025 kwa bei ya kuanzia dola 1,999, ina kumbukumbu ya GB 32, inakula hadi wati 575, na Nvidia wenyewe wanashauri iwekewe pawa saplai ya wati 1,000. Sasa ipeleke Mbwawa, Kibaha, kwa kijana mwenye Dell OptiPlex 7010 ya mtumba, lile boksi refu la ofisini la mwaka 2012. Pawa saplai yake ni ya wati 275, na humo humo prosesa, diski na feni vinasubiri mgawo. Mbabe wa dunia hatawaka pale.

Kwa hiyo rekodi za hapa ni za wababe wa kiwango cha boksi la mtumba, lile linaloingia nchini likiwa limeshamaliza utumishi wake kwenye ofisi za watu na sasa linatakiwa licheze GTA.

Anayestahili kutajwa kwanza ni sloti ya PCI Express, ile ndefu kwenye mazabodi ambamo kadi huchomekwa. Yenyewe, bila waya wa ziada, hutoa wati 75 basi. Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji lina mitambo tisa ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, na hakuna kituo kingine cha umeme wa maji nchini kinachoufikia ukubwa huo. Lakini umeme wake ukishaingia ndani ya OptiPlex, kadi ya grafiksi itaambulia wati 75. Kadi inayotaka zaidi huletewa waya wa pini sita au nane kutoka pawa saplai, na pawa saplai ya 7010 haina waya huo.

Ndani ya mpaka huo kuna mashujaa. GTX 750 Ti ya Februari 2014 ndiyo inayobana matumizi kuliko wenzake ninaowataja hapa: wati 60, kumbukumbu GB 2. Uniti moja ya LUKU inaiendesha kwa zaidi ya saa 16 ikiwa inafanya kazi kwa nguvu zote. RTX 5090 huimaliza uniti hiyo hiyo kabla ya saa mbili. Ikafuata GTX 1050 Ti ya Oktoba 2016, wati 75 na GB 4. Kisha GTX 1650 ya Aprili 2019, nayo wati 75 na GB 4, ambayo mwishoni mwa 2022 iliipindua GTX 1060 na kuwa kadi inayotumika zaidi duniani kwenye takwimu za Steam, duka la gemu la mtandaoni. Ushindi huo naupenda, kwa sababu haukuletwa na matajiri. GeForce yenye nguvu zaidi isiyodai waya ni RTX 3050 ya GB 6, iliyotoka Februari 2024 na kula wati 70. Ila kuifunga kwenye prosesa ya 2012 ni kulipia mbio ambazo prosesa haiwezi kuzikimbia. Mimi ningebaki na 1650. Uwe macho tu: kampuni nyingine zimeitengeneza hiyo hiyo 1650 na tundu la pini sita, kwa hiyo itazame ubavuni kabla hujatoa hela.

Je, nani ameongeza ulaji kwa kasi zaidi, RAM au kadi? Mwaka 2005, GTA San Andreas ilipofika kwenye kompyuta, iliridhika na RAM ya MB 256 na kadi ya MB 64. EA Sports FC 25, ya Septemba 2024, inataka kwa uchache RAM ya GB 8, kadi ya GB 4 ya daraja la 1050 Ti, na GB 100 za diski. RAM imepanda mara 32, kumbukumbu ya kadi mara 64. Ndiyo maana kijana anaongeza RAM kutoka GB 4 hadi GB 16, Windows inafunguka kwa raha, halafu gemu inabaki inakwamakwama vilevile. RAM haichori picha.

Hata hivyo, kwa shilingi iliyotumika, RAM huleta nafuu ya haraka. Mtazame fundi anapoifanya kazi hiyo. Anachomoa waya wa umeme, anabonyeza vishikizo viwili, kipande cha zamani kinaruka juu. Anakisugua meno yake ya dhahabu kwa raba ya penseli, ile ile ya mwanafunzi, anapuliza, anakiweka pembeni.

“Fundi, niongezee kimoja tu cha GB 8.”

“Mdogo wangu, leta viwili vya GB 4 vinavyofanana. Vikikaa jozi, vinafanya kazi pamoja.”

Fundi yuko sahihi. DDR3, aina ya RAM inayotumiwa na 7010, ikiwa ya kasi ya 1600 hupitisha GB 12.8 kwa sekunde ikiwa peke yake, na GB 25.6 ikiwa jozi. Asiye na kadi ndiye anayefaidi zaidi, maana grafiksi iliyomo ndani ya prosesa huazima RAM hiyo hiyo.

DDR3 ina pini 240, DDR4 iliyoifuata ina 288, na mkato wa katikati haulingani. Ukiona haiingii usiikandamize. Kikomo cha 7010 ni GB 32, vipande vinne vya GB 8. Ukiuziwa kipande cha GB 16 kwa bei ya kutupa, kuna uwezekano mkubwa ni RAM ya seva, na hapo hakitawaka.

Kadi nazo hughushiwa, na GTX 1050 Ti imo katika kundi la mbele. Matapeli huchukua kadi kongwe kama GTS 450, hubadilisha programu yake ya ndani, na kompyuta inasoma jina jipya. Programu ya bure ya GPU-Z huwaumbua.

RAM mpya, kwa upande wake, imepanda bei vibaya tangu mwishoni mwa 2025, kwa kuwa vituo vya akili unde vinazoa chipu. Desemba mwaka huo Micron, kampuni inayotengeneza chipu za RAM, ilitangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya wanunuzi wa kawaida ya karibu miaka 30. Mwenye boksi kuukuu la DDR3 asilione kuwa ni bahati mbaya.

Kabla hujapanda gari kutoka Maili Moja kwenda Kariakoo, fungua ubavu wa boksi. Piga picha lebo ya pawa saplai na maandishi ya kwenye RAM, pima kwa rula nafasi ya kadi, kwani boksi jembamba hutaka kadi fupi kwa kimo. Mwonyeshe muuzaji picha hizo kabla hajakutolea kadi yoyote, na umwombe aiwashe mbele yako.