Daftari la Mwaka

Sisi tunaozungumza nanyi ni watu wa kanisa dogo la huku Matinyani, magharibi ya mji wa Kitui, na leo twataka kuwaeleza habari ya daftari letu.

Kila kanisa la mahali lina daftari. Ndani yake karani huandika waliobatizwa, waliopokewa kwa barua kutoka makanisa mengine, waliohama, waliofunga ndoa na waliofariki. Huandika watoto wa shule ya Jumapili, sadaka, fungu la kumi na fedha za harambee. Mwaka ukiisha, washirika hukaa baada ya ibada, karani husimama na kusoma, na mchungaji hutakiwa aseme neno. Katika miaka hii ya karibuni neno hilo limekuwa gumu, maana kila mara yupo mtu wa kuuliza, "Mbona tumepungua?"

Tukaona heri tuanze na Luka 13, kuanzia mstari wa 6 hata wa 9. Mnaijua habari ya mtini usiozaa. Mwenye shamba alikuja kutafuta matunda muda wa miaka mitatu, asipate kitu, akaagiza ukatwe. Mara nyingi tumehubiri juu ya huruma ya yule mtunza shamba aliyeuombea mti mwaka mmoja zaidi. Lakini angalieni asichokisema. Hakubishana na hesabu. Hakusema kwamba mwenye shamba amekosea kuhesabu, wala hakuilaumu mvua. Alikubali kwamba matunda hakuna, kisha akaomba mwaka pamoja na kazi: atapalilia kuuzunguka, atatia samadi.

Watu wa Kitui hawahitaji kufafanuliwa maana ya samadi. Mwezi wa Septemba, jua likiwa kali na ardhi ngumu kama sakafu, mama anayeisomba kutoka zizini mpaka shambani anatazamia mvua ambayo bado hajaiona hata wingu lake. Huku kwetu tunategemea zaidi mvua za Oktoba hadi Desemba kuliko zile za Machi. Aliyechelewa kutayarisha shamba hupitwa, maana wengi hupanda mbegu katika udongo mkavu. Basi kanisa likiomba mwaka mwingine, laulizwa: samadi yako iko wapi?

Sasa tuifungue hesabu yenyewe. Kweli tumepungua. Machi 2020, ugonjwa wa korona ulipoingia nchini, nyumba za ibada zilifungwa. Julai mwaka ule ule serikali iliruhusu zifunguliwe tena, lakini kwa watu wasiozidi 100, kwa muda wa saa moja, na wenye umri chini ya miaka 13 au zaidi ya 58 wabaki nyumbani. Ilikuwa amri ya kulinda uhai, nasi tuliitii. Lakini fikirini ilivyokuwa katika kanisa la mashambani. Mama mzee aliyebeba mawe ya msingi kichwani, zamani zile kanisa lilipojengwa kwa mwethya, aliambiwa asiingie. Mtoto wa miaka 9 aliambiwa vivyo hivyo. Yule mama alirudi siku ya kwanza aliporuhusiwa. Watoto wengi hawakurudi, kwa kuwa walikwisha kuzoea Jumapili isiyo na kanisa, na sisi hatukuwafuata upesi.

Kabla hatujapumua, ukame ukaingia. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu 5 mfululizo, mvua zilipungua katika sehemu kubwa za nchi kavu ya Kenya. Mbaazi zilikauka zikiwa na maua, mahindi hayakufika magotini, ng'ombe waliuzwa kwa bei ya mbuzi. Vijana wakafunga mizigo wakaenda Nairobi, Athi River na Mombasa kutafuta vibarua. Wasichana wakaenda kuajiriwa kazi za nyumbani. Karani akaandika mbele ya majina yao, "Hahudhurii."

Hapa tuna ugomvi kidogo na daftari letu. Baadhi ya hao "wasiohudhuria" walikuwa wakituma sadaka kwa simu kila mwezi, na karo ya ndugu zao juu yake, na pesa za maji ya punda kwa mama zao. Daftari halina safu ya kuwaandika watu wa namna hiyo. Twalisema jambo hili kwa uangalifu, tusije tukafanya lile ambalo mtunza shamba hakulifanya. Wapo wengine ambao hawakutuma kitu wala hawasali popote, na wao pia ni wetu.

Lakini kuna jambo zito zaidi ambalo nalo halina safu. Tulikuwa tumeweka akiba ya mabati. Kuta za kanisa jipya zilikwisha kufika kwenye linta. Watu walitoa walivyoweza: huyu kuku, huyu ndengu debe moja, wengine waliuza mbuzi. Njaa ilipozidi, sisi wazee tulikaa jioni moja tukaamua fedha zile zinunue mahindi, maharagwe na mbegu. Mmoja wetu alipinga, akatukumbusha Hagai sura ya 1, jinsi Bwana alivyowakemea watu waliokaa katika nyumba nzuri ilhali nyumba yake i magofu. Hoja yake haikuwa ya kipumbavu. Tulimjibu kwa Matendo 11, kuanzia mstari wa 27: Agabo alipotabiri njaa, wanafunzi wa Antiokia walipeleka msaada kwa ndugu wa Uyahudi, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Tukamwambia pia kwamba nyumba za washirika wetu hazikuwa zile nzuri alizozisema Hagai. Zilikuwa nyumba zisizo na unga.

Hata leo twaamini kununua chakula kulikuwa sawa. Kosa letu lilikuwa jingine. Hatukuwaita wenye fedha. Mtu aliyeuza mbuzi wake kwa ajili ya mabati alipata habari siku magunia yalipokuwa yakifunguliwa, naye amesimama katika foleni. Wale wa Antiokia walipanga wenyewe kutoa, kila mmoja kwa nafsi yake. Sisi tuliwapangia wenzetu, nao ni watu wazima wenye imani kuliko sisi baadhi yetu. Familia kadhaa zikaacha kuja. Katika daftari zimeandikwa "wamehama", lakini hazikuhama. Moshi wa majiko yao twauona kila jioni.

Mwishoni mwa 2023 mvua ya El Niño ilikuja kwa nguvu hata ikabomoa barabara na madaraja, na wengi walivuna. Tulidhani mavuno yakirudi watu nao watarudi. Haikuwa hivyo. Mtu aliyeumizwa na kanisa hanyeshewi na mvua akapona.

Wengine hutufariji kwa habari za waliotutangulia. Peter Cameron Scott na wenzake waliteremka Mombasa Oktoba 1895, wakaenda kuanza kazi Nzaui, katika Makueni ya leo. Scott alifariki Desemba 1896, na katika miaka michache wengi wa wenzake ama walikufa ama waliondoka. Kama karani angalisoma daftari la kazi ile mwaka 1899, mwaka wa njaa kuu katika Ukambani, angalisoma makaburi zaidi ya matunda. Na kabla yao, Krapf, aliyefika Kitui kwa Chifu Kivoi mwaka 1849, aliondoka pwani mwaka 1853 akiacha waumini wa kuhesabika kwa vidole. Hata hivyo leo mahali pa ibada pako karibu kila kilima. Habari hizi ni za kweli, nazo zatutia moyo. Ila tusizigeuze kuwa mto wa kulalia. Scott alipunguzwa na homa. Sisi tumepunguzwa, kwa sehemu, na mkutano tulioacha kuuitisha.

Basi tumepanga nini kwa mwaka ujao? Karani amepiga mstari safu mpya ya washirika walio mbali, yenye namba zao za simu, na wazee wawili watakwenda Nairobi kuwatembelea hukohuko wanakoishi. Ibada moja kila mwezi itakuwa ya Kiswahili. Wazee hawakulipenda jambo hili, nasi twawaelewa: Biblia nzima ya Kikamba ilipatikana mwaka 1956, na wapo waliofundishwa kusoma kwa kitabu hicho. Lakini wajukuu wao waliozaliwa mjini hukaa ibadani kama wageni wasiojua kinachocheka watu. Tutajaribu mwaka mmoja, kisha tutaulizana.

Kuhusu mabati, hatutaamua sisi. Mkutano wa washirika wote utaitishwa kabla ya kupanda, na hesabu ya fedha zile, senti kwa senti, itasomwa kwa sauti, pamoja na jina la kila aliyetoa, hata kama alitoa yai.

Zile familia nazo tumeanza kuziendea. Juma lililopita wazee wetu wawili walifika katika miji miwili. Kwa kwanza walisikilizwa, wakapewa chai, na baba wa nyumba akasema mengi ambayo yalistahili kusemwa. Kwa pili mbwa walibweka, mtoto akachungulia, na lango halikufunguliwa. Wamesema Alhamisi watakwenda tena, na safari hii mchungaji atakuwa nao.