Nafasi ya Lugha katika Uhalisia Ulioongezwa: Mfano wa Makumbusho ya Sanaa ya Detroit

Utangulizi

Makumbusho ya sanaa yana tatizo la zamani. Kitu kinachowekwa ndani yake huwa kimekwisha kung'olewa mahali pake: sanamu imetoka hekaluni, tofali limetoka ukutani, na mtazamaji asimamaye mbele yake huona kipande tu cha jambo lililokuwa zima. Kwa muda mrefu kazi ya kuuziba upungufu huo iliachiwa maandishi mafupi yaliyobandikwa ukutani na sauti ya kiongozi wa wageni. Sasa imeongezeka njia nyingine, ambayo humwonyesha mtazamaji sehemu iliyopotea juu ya ile iliyosalia. Makala haya yanakusudia kuieleza njia hiyo kwa mfano wa Detroit Institute of Arts, Marekani, na kubainisha kwamba ugumu wake mkubwa haumo katika mitambo, bali umo katika lugha.

Maana ya istilahi

Yafaa kwanza kutenga dhana mbili zinazochanganywa mara nyingi. Katika uhalisia pepe, mtazamaji hufungiwa ndani ya ulimwengu uliotengenezwa na kompyuta, asiuone ule alimosimama. Katika uhalisia ulioongezwa, ulimwengu wa kweli hubaki mbele ya macho yake, na juu yake huwekwa picha ya ziada. Mwaka 1997 Ronald Azuma alitaja masharti matatu ya dhana hii ya pili: kitu halisi na kitu cha kubuniwa viunganishwe, picha ijibu matendo ya mtazamaji papo hapo, na kila kinachoongezwa kikae mahali pake barabara katika nafasi yenye urefu, upana na kina. Chanzo chake ni cha mbali zaidi, kwani Ivan Sutherland alikwisha kuonyesha chombo cha namna hiyo, chenye kuvaliwa kichwani, mwaka 1968.

Sharti la tatu ndilo lenye uzito katika makumbusho. Picha ikiteleza hata kidogo kutoka kwenye kitu inachokieleza, mtazamaji huacha kuiamini.

Mfano wa Detroit

Mnamo Januari 2017 makumbusho ya Detroit yalianzisha Lumin, programu iliyotengenezwa pamoja na kampuni ya GuidiGO kwa kutumia teknolojia ya Google iliyoitwa Tango. Mgeni alipewa simu iliyoweza kupima kina cha chumba na kutambua mahali iliposimama humo. Aliielekeza kwenye maiti iliyokaushwa ya Misri, akaona mifupa iliyomo ndani kama ionekanavyo kwa eksirei. Alisimama mbele ya mchongo wa mawe wa Ashuru, akaona rangi zikirejeshwa juu ya jiwe lililokwisha kupauka.

Mfano ulio wazi zaidi ni ule wa Lango la Ishtar. Detroit ina kipande kimoja cha mapambo ya lango hilo la Babeli, lililojengwa wakati wa Nebukadreza wa Pili, aliyetawala mpaka mwaka 562 K.K. Juu ya matofali yenye rangi ya buluu inayong'aa pameumbwa Mushhushshu, mnyama wa mungu Marduk: kichwa ni cha nyoka, miguu ya mbele ni ya simba, ya nyuma ni ya ndege mkali, na mkia ni wa nge. Wajerumani chini ya Robert Koldewey waliufukua mji huo kuanzia mwaka 1899 hadi 1917, na sehemu kubwa ya vipande vya lango ilipelekwa Berlin, ambako lango lilijengwa upya. Aliyeko Detroit humwona mnyama mmoja asiye na lango. Kwa Lumin aliliona lango likisimama kumzunguka mnyama huyo.

Picha na suala la shaka

Faida ya jambo hili kwa mwanafunzi ni dhahiri. Maneno "lilikuwa lango kubwa" hayampi kipimo. Picha iliyosimama mbele yake humlazimisha kuinua shingo. Hata hivyo, faida hiyo ina hatari ndani yake. Mtaalamu anapoandika habari za lango lile, lugha humpa njia za kupima hakika yake. Ataandika "lilikuwa", "huenda lilikuwa", "yasemekana lilikuwa", au "lingekuwa". Picha haina "huenda". Tofali lililofukuliwa na tofali lililokisiwa huonekana kwa mng'ao ule ule, wala jicho halina njia ya kuyatenganisha. Na makisio hayo si haba, maana hata wanyama wenyewe waliunganishwa kutokana na vipande vingi vilivyovunjika.

Kwa hiyo maneno ya programu si pambo la kutiwa mwishoni. Ndiyo sehemu pekee inayoweza kukiri shaka. Msanifu akiyafupisha kupita kiasi ili yasiifunike picha, humfundisha mwanafunzi kuwa makisio ni ushahidi.

Misingi ya usanifu

Kutokana na hayo yaweza kutolewa misingi minne. Kwanza, kazi ianze na swali moja ambalo kitu chenyewe huliamsha, kama vile: mnyama huyu alisimama wapi, na nani alipita mbele yake? Pili, mwanafunzi akitazame kitu kwa macho matupu kabla ya kuinua simu, na mwishoni arudishwe kwenye kitu hicho; vinginevyo atakuwa amesafiri hadi makumbusho ili kutazama kioo cha simu. Tatu, kinachojulikana na kinachokisiwa vitofautishwe kwa rangi hafifu au kwa mistari mitupu, na sauti itamke "huenda" panapostahili. Nne, maelezo na picha za msingi zihifadhiwe mbali na chombo chochote kimoja.

Msingi huu wa nne una ushahidi wake katika mfano uo huo. Mnamo Desemba 2017, kabla Lumin haijatimiza mwaka, Google ilitangaza kuiacha Tango, na tarehe 1 Machi 2018 ikaacha kuihudumia. Matofali yaliyokaa ardhini zaidi ya miaka 2,000 yaliishi muda mrefu kuliko chombo kilichokuja kuyaeleza.

Hitimisho

Uhalisia ulioongezwa humrudishia mtazamaji ukubwa, rangi na mahali pa kitu, mambo ambayo maandishi ya ukutani huyaeleza kwa shida. Lakini kiasi cha hakika ya mambo hayo hubaki kuwa kazi ya lugha. Wanapokutana wachoraji, mafundi wa kompyuta na wahifadhi kutengeneza programu ya namna hii, mtaalamu wa lugha anastahili kuwapo tangu siku ya kwanza, wala asiitwe baadaye kutafsiri tu yaliyokwisha kuamuliwa.