Mnyororo wa Tiba: Kazi Zinazomzunguka Daktari, kwa Mfano wa Awasse

Awasse ni kijiji cha wilaya ya Mocímboa da Praia, kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, mahali ambapo barabara itokayo Macomia inakutana na ile iendayo Mueda kabla ya kuendelea hadi pwani. Katika njia panda ya namna hiyo, iliyo mbali na hospitali ya jimbo mjini Pemba, uhai wa mgonjwa hutegemea kwanza watu ambao si madaktari, kwa kuwa Msumbiji ni miongoni mwa nchi ambazo madaktari hawafikii hata mmoja kwa kila watu 1,000, na hao wachache huwa wengi zaidi mijini. Kwa hiyo kijana wa Awasse anayetamani kazi ya afya, huku akidhani kwamba kazi hiyo ni udaktari na uuguzi basi, anakuwa ameuona mlango mmoja wa nyumba yenye milango mingi.

Kazi hizo nyingine zimegawanyika katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni la kada za sayansi shirikishi za afya, yaani wataalamu waliosomea sehemu mahususi ya uchunguzi, tiba au urekebishaji wa mwili, kama vile wateknolojia wa maabara, wataalamu wa mionzi, wateknolojia dawa na wataalamu wa fizioterapia, ambayo ni tiba ya viungo kwa mazoezi na kukanda. Kundi la pili ni la kazi za usaidizi, ambazo hazimpimi wala hazimtibu mgonjwa moja kwa moja, lakini bila hizo wapimaji na watibabu hukwama: utunzaji wa kumbukumbu, utakasaji wa vyombo vya upasuaji, ufundi wa vifaa tiba, ugavi wa dawa, usafi, ufuaji na udereva wa gari la wagonjwa.

Namna makundi hayo yanavyoshikana huonekana vizuri katika malaria, ugonjwa uliozoeleka mno kaskazini mwa Msumbiji. Mtoto mwenye homa kijijini anaweza kuonwa kwanza na mhudumu wa afya wa jamii, ambaye Msumbiji imemwita kwa miaka mingi Agente Polivalente Elementar, au APE kwa kifupi. Mpango wa APE ulianzishwa mwaka 1978, ukadhoofika wakati wa vita vya ndani, kisha ukafufuliwa mwaka 2010 kwa mafunzo ya miezi minne, yanayomwezesha mhudumu kupima malaria kwa kipimo cha haraka, kutoa dawa mseto, kumtibu mtoto anayeharisha kwa maji ya chumvichumvi na zinki, na kutambua dalili za hatari zinazomlazimu ampe mgonjwa rufaa. Mtoto akifika kituoni, mteknolojia wa maabara hutia rangi tone la damu kwenye kioo na kulikagua kwa hadubini, ili ajue kama vimelea vipo na ni vingi kiasi gani, wingi ambao kipimo cha haraka hakiuelezi. Baada ya hapo mteknolojia dawa hukokotoa dozi kwa kufuata uzito wa mtoto na kumweleza mzazi jinsi ya kuinywesha, kwa maana dawa sahihi iliyonyweshwa visivyo huweza kuuacha ugonjwa mwilini.

Mnyororo huo una pete zilizo nje kabisa ya chumba cha matibabu. Awasse pana kituo cha kupozea umeme kinachohudumia wilaya za Mocímboa da Praia, Palma, Mueda, Nangade na Muidumbe, na kiliposhambuliwa mwaka 2020, wakati wa vita vilivyoanza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017, wilaya hizo zilikosa umeme kwa muda mrefu. Kwa upande wa afya, kukosa umeme ni kukosa mnyororo baridi, yaani utaratibu wa kuhifadhi chanjo nyingi katika nyuzi joto 2 hadi 8 tangu zinapotoka kiwandani hadi zinapomfikia mtoto. Fundi wa vifaa tiba anayejua kufunga jokofu la nishati ya jua, kulipima joto na kulitengeneza linapoharibika, hulinda kinga ya watoto wa wilaya nzima ijapokuwa hashiki sindano.

Upasuaji nao unatoa ushahidi wa kipekee. Mwaka 1984 Msumbiji ilianza kuwafunza kwa miaka mitatu mafundi wa upasuaji, ambao ni wahudumu wa kada ya kati wenye uzoefu wanaofundishwa kufanya operesheni za dharura, zikiwemo za kumtoa mtoto tumboni. Watafiti waliochunguza takwimu za mwaka 2002 walikuta kwamba katika hospitali za wilaya mafundi hao walifanya asilimia 92 ya operesheni kubwa za uzazi, na katika uchunguzi mwingine ilibainika kwamba miaka saba baada ya kuhitimu, asilimia 88 yao walikuwa bado katika hospitali za wilaya, ilhali madaktari waliopangiwa hospitali hizo katika kipindi hicho walikuwa wameondoka wote. Matokeo hayo yanaonyesha kwamba kada ya kati ina thamani yake yenyewe, na kwamba mahali pa pembezoni huenda ikadumu zaidi kuliko kada ya juu.

Vita vimeongeza uhitaji wa kada za urekebishaji. Aliyekatwa mguu huhitaji kiungo bandia, mtaalamu wa kukipima na kukitengeneza, na mtaalamu wa fizioterapia wa kumfunza kutembea upya. Na aliyeona mauaji huhitaji mshauri nasaha. Kwa Afrika Mashariki, mafunzo ya ufundi wa viungo bandia yana kitovu chake Moshi, Tanzania, katika chuo cha TATCOT kilichoanzishwa mwaka 1981 kwenye hospitali ya KCMC.

Lugha pia ni nyenzo ya kazi. Kumbukumbu za hospitali Msumbiji huandikwa kwa Kireno, ilhali wagonjwa wengi wa ukanda huu hueleza maumivu yao kwa Kimakonde, Kimwani au Kiswahili, hivyo mhudumu azijuaye lugha hizo humpunguzia tabibu hatari ya kutibu asichoambiwa.

Anayekusudia kuingia katika kazi hizi anahitaji kujijenga katika biolojia, kemia na hisabati akiwa sekondari, na, kwa Msumbiji, katika Kireno, kisha kutafuta mafunzo katika taasisi za sayansi za afya. Kwa atakayevuka kwenda kusoma Tanzania, ngazi huanza na cheti, hufuata stashahada na shahada, na mhitimu husajiliwa na chombo cha taaluma yake, kama Baraza la Famasi au Baraza la Wataalamu wa Maabara za Afya, kwa hiyo ni busara kuhakikisha kwamba chuo kinatambuliwa kabla ya kulipa karo. Ugumu wake nao usifichwe: ujira wa kada za chini ni mdogo, vituo vya mbali hukosa vifaa, na katika maeneo ya vita mhudumu huweza kuhama pamoja na wagonjwa wake.

Samora Machel, rais wa kwanza wa Msumbiji huru, alikuwa muuguzi katika hospitali ya Miguel Bombarda mjini Lourenço Marques, Maputo ya leo, kabla ya kujiunga na harakati za ukombozi. Heshima ya kazi ya afya basi haikomei kwa daktari: wazazi na walimu wa kaskazini wanaowashauri vijana kuhusu kazi wana sababu ya kutosha ya kuzitaja maabara, duka la dawa na karakana ya vifaa tiba kwa heshima ileile wanayoutajia udaktari, kwa kuwa daktari akifika Awasse bila kada hizo atakuwa na elimu ya kutibu asiyoweza kuitumia.